Zawadi za jogging zisitolewe kwa kalori za saa

Mhariri,

Tunaomba nafasi gazetini tuzungumze na makatibu wa klabu za jogging na waandaaji wa mabonanza ya maofisini hapa Dodoma. Siku hizi mbio zikiisha, iwe Nyerere Square, Uwanja wa Jamhuri au kule Chimwaga, watu hawajanywa hata maji wanakunja mikono na kupiga picha saa zao za mazoezi, zile zinazoonyesha mapigo, hatua na kalori. Picha zinaingia kwenye kundi la WhatsApp, katibu anapanga majina, na mshindi wa wiki ni aliyechoma kalori nyingi kuliko wenzake. Kwingine anapewa fulana, kwingine mfuko wa unga. Ombi letu ni fupi: kipengele hicho kiondolewe. Kilomita zibaki, muda ubaki, mahudhurio yabaki, kalori zitoke.

Tuanze na sababu ambayo haihitaji hata kuilaumu saa. Gharama ya kukimbia kwenye njia tambarare inakaribia sana kalori 1 kwa kila kilo ya mwili kwa kila kilomita. (Tunaposema kalori tuna maana ile inayoandikwa kcal kwenye paketi za biskuti.) Baba wa kilo 95 akikimbia kilomita 10 ametumia kama kalori 950. Dada wa kilo 55 aliyekimbia naye bega kwa bega kuanzia mwanzo hadi mwisho ametumia 550. Ili amfikie, itabidi arudi barabarani peke yake aongeze kilomita 7 na ushei. Kwa hiyo hata saa zingekuwa sahihi kama mizani ya sonara, zawadi ya kalori ingekuwa ni zawadi ya uzito.

Na saa hazina usahihi wa mizani ya sonara. Hakuna kifaa cha mkononi kinachopima kalori, vyote vinakisia. Anayetaka kupima kweli humvalisha mtu barakoa iliyobana pua na mdomo, ikiwa imeunganishwa na mashine inayosoma kila pumzi: oksijeni kiasi gani imetumika, kabonidioksaidi kiasi gani imetoka. Kisha anatumia kanuni aliyoiandika Weir wa Glasgow mwaka 1949: lita za oksijeni mara 3.941, jumlisha lita za kabonidioksaidi mara 1.106, unapata kalori. Kwa mazoezi ya kawaida jibu huja karibu na kalori 5 kwa kila lita ya oksijeni. Akitaka kupima maisha ya kila siku badala ya nusu saa ya maabara, humnywesha mtu maji yaliyotiwa haidrojeni nzito na oksijeni nzito, halafu anachukua mkojo wake kwa wiki moja au mbili na kuangalia kila moja inavyopungua. Saa haina pua wala haichukui mkojo. Ina taa, ina kipima mtikisiko, na ina yale uliyoiambia kuhusu mwili wako. Basi.

Mwaka 2017 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, walichukua watu 60 na vifaa saba vya mkononi, wakawatembeza, wakawakimbiza na kuwaendesha baiskeli wakiwa na barakoa usoni. Kwenye mapigo ya moyo vifaa vilijitahidi: sita kati ya saba vilikosea kwa chini ya asilimia 5. Kwenye kalori mambo yalikuwa mengine kabisa. Kilichofanya vizuri kuliko vyote kilikosea kwa wastani wa asilimia 27, na kilichofanya vibaya zaidi kwa asilimia 93. Vifaa vile ni vya miaka ile na baadhi havitengenezwi tena, lakini njia ya kukisia haijabadilika: mapigo, mtikisiko, uzito, umri.

Tuziweke asilimia hizo barabarani. Mtu wa kilo 70 akitembea kilomita 5 kwa saa moja kwenye lami tambarare, kanuni ya oksijeni ya mwendo wa kutembea inatoa kama kalori 248. Saa ikikosea kwa asilimia 27 itaonyesha 180 au 315. Ikikosea kwa asilimia 93 kwenda juu, itasoma karibu 480, na mwenyewe ataondoka anajiona amemaliza kazi ya siku mbili.

Makosa yanatoka wapi? La kwanza hufanyika nyumbani, siku saa inatolewa kwenye boksi. Programu ya simu inauliza uzito, urefu, umri na jinsia, na mtu mwenye haraka anabonyeza "endelea, endelea" mpaka mwisho. Wengi hawaangalii kipimo. Kuna saa zinazofika zikiwa zimewekwa kwenye ratili. Ukiandika 70 ukidhani ni kilo, saa inajua imevaliwa na mtoto wa kilo 32. Wengine waliandika uzito wa miaka mitatu iliyopita na hawajaugusa tangu hapo. Na zipo saa za familia: baba anaivaa Jumatatu, mama anaivaa Jumamosi, wasifu ni ule ule.

Kubadilisha jinsia peke yake kwenye wasifu wa saa kunafanya nini? Makampuni hayatangazi kanuni zao, lakini ipo moja iliyochapishwa na watafiti wa Afrika Kusini mwaka 2005, na inaonyesha vizuri jinsi mchezo unavyochezwa. Kwa mwanamume: mapigo kwa dakika mara 0.6309, jumlisha uzito mara 0.1988, jumlisha umri mara 0.2017, toa 55.0969. Jibu ni kilojuli kwa dakika. Gawa kwa 4.184 upate kalori. Mwanamume wa miaka 35, kilo 70, mapigo 140, anapata karibu kalori 13 kwa dakika. Kanuni ya wanawake ina namba zake nyingine, na mwanamke wa umri huo huo, uzito huo huo na mapigo hayo hayo anapata 8.6. Kwa nusu saa tofauti inapita kalori 130, na aliyeivaa saa hajaongeza wala kupunguza hatua.

Itazame tena kanuni hiyo uone uzito wa mapigo ndani yake. Mapigo 10 zaidi kwa dakika yanaleta kalori 1.5 zaidi kwa dakika, yaani 90 kwa saa. Hapo ndipo Dodoma inapoingia. Anayekimbia Barabara ya Iringa saa kumi na mbili asubuhi na anayekimbia barabara hiyo hiyo, kwa mwendo ule ule, saa tisa alasiri ya Oktoba au Novemba, wanalingana kwa kazi ya misuli. Hawalingani kwa mapigo. Joto linalazimisha damu igawanywe, nyingine iende kwenye ngozi kupoza mwili; jasho linapunguza maji ya damu; kila pigo linasukuma damu pungufu, na moyo unafidia kwa kupiga haraka. Mapigo 10 au 15 ya ziada mwisho wa saa moja ya jua si ajabu hata kidogo. Saa inayaona, inayageuza kalori, inampongeza mkimbiaji. Hewa yetu kavu inaongeza ujanja mwingine: jasho linakauka kabla hujaliona, mtu anadhani hajapoteza maji, hanywi, na mapigo yanazidi kupanda.

Kahawa nayo hupandisha mapigo; homa, usingizi uliokatika na hofu navyo huyapandisha. Ukiweka mapigo 95 ya mtu aliyekaa kwenye kikao kizito ndani ya kanuni ile ile, inatoa zaidi ya kalori 6 kwa dakika, kana kwamba anatembea kwa kasi kupanda mlima na kiti chake. Ndiyo maana saa nzuri hutumia kipima mtikisiko kuhakiki kama mwili kweli unatembea kabla ya kuyaamini mapigo. Upande wa pili wako wazee wetu wanaotumia dawa za presha za kundi la atenolol na propranolol, ambazo kazi yake mojawapo ni kupunguza mapigo. Mzee huyo anaweza kupanda mlima hadi miguu itetemeke na saa ikasema ametembea tu. Asiongeze kasi kwa ajili ya kuiridhisha saa, na asiache dawa kwa sababu "kalori hazipandi".

Kuna udhalimu mwingine ambao makatibu wa klabu wangepaswa kuuona kabla yetu. Mtu akifanya mazoezi kwa miezi mitatu, moyo wake unakuwa na nguvu, na barabara iliyokuwa inampandisha hadi mapigo 160 sasa inampandisha hadi 145. Mwili wake haujaanza kukimbia bure. Kilo zile zile kwa kilomita zile zile zinagharimu karibu nishati ile ile. Lakini saa inampunguzia. Aliyeimarika anashuka kwenye orodha, na aliyekuja juzi, ambaye moyo wake unamgonga kooni, anachukua fulana.

Sasa taa zenyewe. Zile taa za kijani nyuma ya saa zinamulika ngozi, damu inafyonza mwanga wa kijani, na kila pigo linapopita kiasi cha mwanga unaorudi kinabadilika. Weusi wa ngozi nao unafyonza mwanga huo, na swali la kama saa zinatuonea sisi weusi ni la haki. Majibu hayajakubaliana: watafiti wa Stanford waliona makosa zaidi kwenye ngozi nyeusi, wa Chuo Kikuu cha Duke, mwaka 2020, waliwapima watu 53 wa rangi zote za ngozi na hawakuona tofauti ya maana, ila waliona makosa yakiongezeka mtu anapojitikisa. Tatuu yenye wino mzito chini ya kihisi huvuruga usomaji, hilo halina mjadala. Kwa hiyo kabla ya kuilaumu ngozi, kaza mkanda. Saa ikae juu ya kifundo cha mkono kwa upana wa vidole viwili, mahali penye nyama, ikaze kiasi kwamba ukiisukuma ngozi inaenda nayo, na ukimaliza mazoezi uilegeze. Ifute kihisi kwa kitambaa chenye maji. Vumbi la Dodoma likichanganyika na jasho linatengeneza utando ambao hauonekani mpaka uuguse.

Kosa la taa linalowadanganya watu wengi kuliko yote ni la saa kusoma miguu badala ya moyo. Mkimbiaji anapiga hatua 165 au 170 kwa dakika, mkono unatikisika kwa mdundo huo huo, na damu iliyo kwenye mkono inatikisika nao. Saa isiyokazwa inaudaka mdundo huo na kuutangaza kuwa mapigo. Moyo uko 140, saa inasema 170, na kwa kanuni ya hapo juu mapigo 30 ya uongo kwa nusu saa yanazaa kalori zaidi ya 130. Dalili yake utaijua ukiitafuta: mapigo yanaruka ghafla dakika ya pili au ya tatu, yanakaa palepale yamenyooka kama rula, na ukipunguza mwendo kidogo yanashuka pamoja na hatua. Simama, sogeza saa juu, kaza, subiri itulie, endelea. Asubuhi za Juni na Julai kosa hilo linaongezeka kwa kuwa baridi inaiondoa damu kwenye ngozi ya mikono. Pasha mwili joto dakika kumi kwanza na ivae saa chini ya mkono wa jaketi.

Mkanda wa kifuani hauna tatizo la taa kwa sababu unasoma umeme wa moyo wenyewe. Nao una lake, hasa huku kwetu. Vile vibao vyake viwili vinahitaji unyevu, na katika hewa kavu vinasoma upuuzi kwa dakika kumi za mwanzo mpaka jasho litoke. Fulana ya nailoni inayopepea inaongeza umeme wa msuguano na namba zinaruka hadi 220. Vilowanishe kwa maji kabla ya kuvaa, kaza chini ya misuli ya kifua, fulana ibane au itolewe. Mapigo utayapata sahihi. Kalori zitabaki ni makisio, kwa kuwa kutoka mapigo kwenda kalori bado kuna kanuni ile ile katikati.

Tukija kwenye hatua, saa inahesabu mkono ikidhani inahesabu miguu. Mama aliyejitwika ndoo ya lita 20 kutoka kisimani, mkono wenye saa ukiwa juu umeishika ndoo, anaweza kutembea kilomita nzima na nusu ya hatua zisionekane. Akifika nyumbani akaanza kutwanga, kila pigo la mchi linaandikwa hatua. Akina mama wa Kigogo wanaopiga ngoma za muheme, ngoma imebanwa katikati ya mapaja, mikono haitulii: wakimaliza saa moja saa itaapa kuwa wametembea mpaka Chamwino. Anayesukuma baiskeli yenye madumu matatu ya maji, viganja vimetulia kwenye usukani, anaonekana amekaa kitako. Anayerudi kwa bodaboda kwenye barabara ya makorongo, saa inaweza kumwandikia matembezi ambayo hakuyafanya.

Hata ingehesabu hatua zote, uzito wa ndoo haumo kwenye hesabu yake. Na suala la ndoo kichwani ni gumu kuliko linavyoonekana. Mwaka 1986 jarida la Nature lilichapisha vipimo vya wanawake wa Kiluo na Kikikuyu: waliweza kubeba mzigo wa hadi asilimia 20 ya uzito wao bila kuongeza matumizi ya oksijeni, na gharama ilianza kupanda baada ya hapo. Kwa mama wa kilo 60 hiyo ni kilo 12. Ndoo ya lita 20 ni theluthi ya uzito wake. Watafiti wengine waliowapima wanawake wa Kixhosa, 2010, hawakuuona upendeleo huo, waliona watu wakitofautiana mno mmoja na mwingine. Wenye barakoa na mashine wanabishana. Saa ya elfu thelathini iliyonunuliwa sokoni itatoa wapi jibu?

Mlima nao unasahauliwa. Mtu anayetembea mita 80 kwa dakika kwenye tambarare anatumia karibu mililita 11.5 za oksijeni kwa kilo kwa dakika. Mteremko akiupanda wa mita 5 kwa kila mita 100, namba inakuwa 18.7, ongezeko la zaidi ya asilimia 60. Saa yenye kipima mgandamizo wa hewa inaujua mpando. Isiyo nacho inategemea mapigo tu, na ikiwa mapigo inayasoma vibaya, wapandaji wa kilima cha Mlimwa wanaandikiwa kalori za barabara ya lami. Mchanga ni mbaya zaidi. Kutembea kwenye mchanga mkavu unaozama kunagharimu mara 2.1 hadi 2.7 ya ardhi ngumu, na wanaofanya mazoezi kwenye makorongo yetu ya mchanga wanajua miguu inavyolalamika. Hakuna saa tuliyoiona inayouliza umekanyaga nini.

Mazoezi ya gym tuyapite haraka: ukibana chuma, mkono unakaza, kifundo kinakunjika, taa zinapoteza mshipa, na mapigo yanayopanda kwa kubana pumzi hayalingani na oksijeni. Usiiulize saa kuhusu vyuma.

Turudi kwa katibu na orodha yake, maana kuna jambo jingine linaloiharibu hata kabla ya makosa yote hayo. Saa nyingi zinatoa namba mbili: kalori za zoezi peke yake, na jumla pamoja na zile ambazo mwili ungetumia hata ukiwa umelala, ambazo ni karibu kalori 1 kwa kilo kwa saa. Kwenye mfano wetu wa kutembea kilomita 5, jumla ni 248 lakini zilizoletwa na matembezi ni 175. Mmoja anatuma 248, mwingine 175, wamefanya kitu kimoja. Halafu yupo anayetuma picha ya jumla ya siku nzima tangu saa sita usiku: mtu wa kilo 70 akiamka saa kumi na mbili tayari saa imemwandikia zaidi ya kalori 350, alizozipata kwa kukoroma.

Kwa anayetaka kupungua, tofauti hiyo ndiyo inayoingia kwenye sahani. Soda ya mililita 350 ni karibu kalori 150. Sahani ya chipsi mayai, viazi gramu 200 na mayai mawili na mafuta yake, kwa urahisi inapita 600. Mtu aliyetembea kalori 175 halafu saa ikamwambia 315, akajilipa chipsi mayai "nusu", amekula zaidi ya alichotumia na bado anajiona amebaki na akiba. Kila siku hivyo, mwisho wa mwezi anasema mazoezi hayafanyi kazi.

Na hata namba ingekuwa sahihi, mwili si duka la rejareja ambapo kila kinachotoka kinaongezwa kwenye daftari. Majirani zetu Wahadzabe wa eneo la Ziwa Eyasi walipimwa kwa yale maji mazito, watu wazima 30, na matokeo yakachapishwa 2012. Wanatembea na kuchimba mizizi na kuwinda siku nzima, lakini matumizi yao ya nishati kwa siku, ukishazingatia ukubwa wa mwili, hayakutofautiana na ya watu wa mijini huko Marekani na Ulaya. Inaelekea mwili unaozoea kazi hupunguza matumizi kwingine. Saa inajumlisha tu.

Anayetaka kujua saa yake inamdanganya kiasi gani anaweza kuipima bila maabara. Kwanza mapigo: kimbia polepole dakika kumi, simama, weka vidole viwili kwenye mshipa wa shingo au wa kifundo cha mkono wa pili, hesabu sekunde 15, zidisha kwa 4, linganisha na saa papo hapo. Usichelewe, kwani mapigo yanashuka haraka ukishasimama. Tofauti ya mapigo 5 inavumilika. Ya 20 ina maana mkanda, utando au saa yenyewe. Saa za bei ya chini kabisa zipe mtihani wa ziada: ivishe taulo lililokunjwa. Ikitangaza mapigo 78 ya taulo, unajua ulichonunua.

Kisha kalori. Tafuta njia tambarare uliyoipima kwa odometa ya gari au pikipiki, tuseme kilomita 2, uende na kurudi. Ukikimbia, zidisha kilo zako kwa kilomita. Ukitembea mwendo wa kawaida, zidisha kisha gawa kwa mbili. Mtu wa kilo 70 kwa kilomita 4: kukimbia 280, kutembea 140. Hizo ni za zoezi peke yake. Kama saa yako inaonyesha jumla, ongeza kilo zako mara muda kwa saa. Rudia siku tatu, asubuhi moja ya baridi, jioni moja ya joto na siku moja ya kawaida. Kama namba za saa zinabadilika kwa asilimia 20 ilhali njia na mwendo havikubadilika, umeshapata jibu lako. Hesabu hii ya kilo na kilomita haina madaha yoyote, lakini kwenye tambarare inaishinda saa nyingi za bei mbaya, na haihitaji kuchajiwa. Kwenye mpando, mchanga na mizigo nayo haifai.

Klabu inayotaka kutumia saa kwa faida itumie mapigo. Mara moja kila wiki mbili, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, kabla ya chai, kila mwanachama akimbie kilomita 2 zile zile kwa dakika zile zile alizojichagulia, mathalani 14, na katibu aandike mapigo ya mwisho. Asiyeweza kuyasoma kwa saa ayahesabu kwa vidole. Mapigo yakishuka kutoka 162 hadi 150 ndani ya miezi miwili kwa mwendo usiobadilika, mtu huyo ameimarika, awe na kilo 55 au 95, na anashindana na karatasi yake ya mwezi uliopita. Aliye na homa siku hiyo, aliyekesha msibani au aliyebadilishiwa dawa za presha, mapigo yake yasiandikwe. Apimwe wiki ijayo.

Daftari la mistari, kalamu na njia iliyopimwa vinatosha. Fulana mkiwa nazo, mpeni aliyehudhuria mara nyingi.

Wakufunzi wa mazoezi ya viungo,
Dodoma